Askari wa Mwisho wa Marshali

Kulikuwa na nchi moja, na jina lake sitalitaja, maana wenyewe wameshalibadilisha mara kadhaa na hili la sasa rangi yake bado haijakauka kwenye kibao cha uwanja wa ndege. Ni nchi nzuri. Ina mto, ina milima miwili, na ina jeshi ambalo majirani wote wanalionea wivu, kwa sababu hakuna jeshi jingine lenye majenerali wengi kiasi kile kwa askari mmoja.

Jeshi lenyewe lilikuwa la mtumba. Nchi ilipopata uhuru, wakubwa walikaa kikao wakaona aibu kuwa taifa lisilo na jeshi, wakaagiza Ufaransa kitabu cha vyeo. Wafaransa ni waungwana, wakaleta kitabu kamili. Askari wachache wanakuwa kundi chini ya sajini na koplo wake, makundi yanakuwa platuni chini ya luteni, platuni zinakuwa kombania chini ya kapteni, kombania zinakuwa batalioni, na kuendelea hivyo hadi brigedi na divisheni, kila ngazi na bwana wake, kila bwana na mistari yake begani. Kitabu kilieleza vizuri kabisa kwamba ngazi hiyo huanzia chini, kwa askari wa daraja la pili. Bahati mbaya wasomaji wa nchi ile walianza kukisoma kutoka mwisho, penye nyota, na wengi hawakuwahi kufika mwanzo.

Kwa mujibu wa kitabu, jenerali wa chini kabisa huvaa nyota mbili. Wa nyota moja hayupo. Kwa Wafaransa jambo hilo halimnyimi mtu usingizi, lakini nchi ile iliunda Tume ya Kuitafuta Nyota ya Kwanza, kwa kuwa ilikuwa wazi kwamba kuna mtu kaiiba. Tume ikapewa magari. Hadi leo inatafuta, na mwenyekiti wake amekwishafikisha nyota nne. Juu ya wote alikaa Marshali, mwenye nyota saba. Yeye alipenda kuwakumbusha watu kwamba umarshali si cheo, ni heshima tu, kama kitabu kinavyosema, na aliyesahau kwamba ni heshima tu alifungwa.

Chini kabisa ya watu hawa wote alikuwepo Sikudhani Kabwe, askari wa daraja la pili, na hadithi hii ni yake.

*

Sikudhani hakubaki chini kwa uvivu. Alibaki chini kwa ajili ya mbuzi.

Zamani, katika Vita vya Mto Mkavu, jeshi lilipelekwa mpakani, likakaa huko msimu mzima likimsubiri adui, adui hakutokea, likarudi na ushindi. Tangu hapo, kila Siku ya Kuzaliwa ya Marshali, kila mwanajeshi hupita mbele yake na kuulizwa maswali mawili. Ulimwona adui? Anajibu: nilimwona. Alikuwa wapi? Anajibu: mbele yangu. Hapo Marshali humgusa bega kwa fimbo yake na mtu anapanda cheo kimoja. Waliokuwa hospitalini wakati wa vita walimwona adui. Waliokuwa masomoni ng'ambo walimwona. Wapo waliozaliwa baada ya vita kwisha, nao walimwona vizuri zaidi kuliko wote.

Sikudhani alipoulizwa mara ya kwanza alijibu, "Niliona mbuzi, Marshali wangu." Watu walidhani amepigwa na jua. Mwaka uliofuata akaulizwa tena, akajibu vilevile, akaongeza kwamba walikuwa mbuzi wazuri, wenye afya. Nyuma yake alikuwa Hemedi Kilusu, ambaye alilala naye handaki moja mpakani na kuwatazama mbuzi walewale. Hemedi alimwona adui mara nyingi, sasa alikuwa Kanali Kilusu, na mistari yake mitano ilimkalia begani vizuri sana.

Kilusu aliwahi kumwambia kwamba neno moja tu halimtoi mtu meno. Sikudhani alimjibu kwamba meno yake yalikuwa salama na hakuwa na mpango wa kuyajaribu. Alikuwa mkaidi tangu utotoni, na mimi sioni haya kusema kwamba nampenda kwa hilo.

*

Basi kila mwaka kila aliyemwona adui akapanda. Vijana wapya nao walitafutwa. Redio ilitangaza nafasi za askari wa kawaida, wakajitokeza watu kutoka kila wilaya, kila mmoja na mjomba wake, na wote wakaomba waanzie uluteni. Ingekuwa ukatili kuwanyima. Ikafika asubuhi ambapo Sikudhani alijipanga mstarini, akageuza shingo kulia ili alingane na mwenzake kama inavyotakiwa, akakuta mwenzake hayupo.

Kuanzia siku hiyo yeye ndiye alikuwa kundi. Na kwa kuwa hapakuwa na kundi jingine, yeye pia alikuwa platuni, na kombania, na batalioni. Kila asubuhi Koplo alimhesabu, akampigia Sajini saluti na kutoa taarifa kwamba kundi lote lipo. Sajini alimwendea Luteni, platuni nzima ipo. Luteni alimwendea Kapteni, kombania yote ipo na ina ari. Taarifa ilipofika kwa jenerali wa divisheni, Sikudhani alikuwa amekwisha kuwa maelfu. Alipougua mafua, redio ilitangaza kwamba askari wote wa miguu wana mafua, na mpaka ukafungwa kwa tahadhari.

Kazi zote zilikuwa zake. Alilinda lango, akapiga tarumbeta, akamenya viazi, akafagia. Si kwamba maofisa walikuwa wavivu, hapana. Sheria ndiyo iliyowafunga mikono. Ilisema kwamba mwenye cheo chochote akishika bunduki ameshika kazi ya askari, na ashikaye kazi ya askari ni askari, papo hapo, wa daraja la pili. Kuna kapteni mmoja aliona bunduki imeanguka matopeni akaiokota kabla hajafikiri. Alilia machozi. Aliponea chupuchupu, baada ya mashahidi kuapa kwamba aliinyanyua kwa viwiko.

Na palikuwa na sheria nyingine, ambayo Marshali aliitunga mwenyewe ili risasi zisipotee ovyo. Bunduki haifyatuliwi mpaka aliyeishika atamke kwa sauti: namwona adui.

Jambo moja zaidi, kisha tuendelee. Katika jeshi lile, mdogo hamwiti mkubwa kwa cheo kikavu. Husema Kapteni wangu, Kanali wangu, Jenerali wangu. Ndivyo Wafaransa wanavyofanya, na si vibaya. Sikudhani hakuwa na shamba, wala ng'ombe, wala mume wa kumwita wangu, lakini makanali alikuwa nao tele. Wao walimwita Batalioni. Batalioni, lete maji. Batalioni, viatu vyangu. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwambia askari wangu, na zipo siku jambo hilo lilimuuma kuliko viatu.

*

Mama yake, Bi Kidawa, aliuza vitumbua katika Soko la Mianzini, ambalo lilipakana na uwanja wa gwaride. Soko na uwanja vilikaa kwa amani muda mrefu. Ugomvi ulianzia kwenye mstari.

Siku ya sherehe maofisa walisimama mstari mmoja tu, kwa kuwa hapakuwa na ofisa aliyekubali kusimama nyuma ya mwenzake. Mstari ukarefuka mwaka hadi mwaka. Ulivuka mwisho wa uwanja, ukaingia sokoni, hadi maluteni wa mwisho wakawa wanapiga saluti katikati ya mafungu ya dagaa. Mmoja wao aliulizwa bei na mteja mwenye macho mabovu. Habari hiyo ilimfikia Marshali.

Marshali alihutubia taifa kutwa nzima. Alisema kwamba yapo mataifa yanayotazama chini na yapo yanayotazama juu, na kwamba nchi iliyofika mahali ilipofika haiwezi kuendelea kuweka nyanya mbele ya nyota. Soko litavunjwa, uwanja utarefushwa. Wauzaji watapewa eneo jingine, zuri sana, ambalo litatafutwa na tume.

Wanawake wa soko walimsikiliza huku wakipanga nyanya. Mtu wa redio alipowauliza wanasemaje, Bi Kidawa alifuta mikono kwenye kanga akasema, "Mwambieni Marshali apunguze mstari." Redio haikulirusha jibu hilo. Lilifika kila nyumba kabla ya magharibi.

Ndipo ikatoka amri kwamba soko ni ngome ya adui.

Kanali Kilusu alimfuata Sikudhani jikoni, akamkuta na ndoo ya viazi. Alifunga mlango, akavua kofia, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi akamwita Siku, dada yangu. Alimweleza mambo kwa upole. Risasi chache tu, hata kama ni za mguuni, na wale wanawake watatawanyika. Atamke yale maneno, basi. Marshali amekwisha kubali kumpandisha kutoka daraja la pili moja kwa moja hadi ukapteni, jambo ambalo kitabu hakilijui. Mama yake atajengewa nyumba.

"Mama yangu atakuwa amekaa pale mbele," alisema Sikudhani.

Kilusu alisema kwamba ndiyo maana alitaja mguu.

Sikudhani alimtazama kwa hasira mtu aliyelala naye handaki moja. Alimrudishia kofia yake, akaendelea na viazi, na Kanali akatoka kimyakimya, kwa kuwa hata kufoka kunahitaji cheo cha karibu na anayefokewa.

Jioni Sikudhani alikwenda sokoni. Bi Kidawa alikuwa anaosha chungu cha vitumbua. Hakumuuliza habari za kambini. Alimwuliza jambo moja tu. "Mwanangu, wakikuambia upige, utapiga?"

Sikudhani alisema hapana, mama. Lakini alirudi kambini ameinamisha kichwa, kwa aibu kwamba gwanda alilovaa limemfanya mama yake aulize swali kama lile. Usiku huo aliogopa sana. Alijua anachotaka kufanya, asichokijua ni kama miguu yake itakubali.

*

Asubuhi ya kuvunja soko jeshi lilijipanga lote. Marshali alikaa jukwaani chini ya mwavuli. Mstari wa maofisa ulianzia miguuni pake ukateremka uwanja mzima, nyota, kisha mistari mitano, minne, mitatu, miwili, mmoja. Mbele ya mstari, mwishoni kabisa, ameupa mgongo, alisimama Sikudhani. Na mbele ya Sikudhani walikaa wanawake wa soko, chini, wamekunja miguu, migongo yao kwenye meza zao. Bi Kidawa alikuwa katikati, amevaa kanga ya sikukuu.

Jenerali wa Risasi alileta risasi juu ya mto wa hariri. Sikudhani alizijaza mwenyewe, maana jenerali hakuthubutu kuusogelea mtutu.

Marshali alitoa amri kwa sauti ya chini, kama inavyostahili heshima yake. Jenerali wa nyota tano aliipokea, akapiga saluti, akampa wa nyota nne. Hakuna ngazi iliyorukwa. Amri ilishuka mstari ule mrefu polepole, jua likipanda. Wanawake walipata muda wa kuimba nyimbo mbili. Mmoja alinyonyesha mtoto, akamcheulisha, akamlaza. Hatimaye amri ilifika kwa Koplo, mzee mwenye goti bovu ambaye Marshali alimsahau kila mwaka, akasogea akasema karibu kama anamwomba radhi, "Batalioni, wanasema piga."

Ilikuwa zamu yake kutamka. Sikudhani alitazama mbele.

"Namwona muuza dagaa," alisema. "Namwona muuza ndimu na binti yake. Namwona mama yangu. Adui simwoni, Koplo wangu."

Jibu nalo lilipaswa kupanda ngazi kwa utaratibu, likapanda. Marshali akajibu atazame vizuri. Amri ikashuka. Sikudhani akatazama vizuri, akasema binti wa muuza ndimu amesuka nywele, lakini adui hamna. Hilo nalo likapanda.

Marshali aliamuru ashushwe cheo. Kitabu kikaletwa, majenerali wakakiinamia, wakafunua hadi mwanzo kabisa, mahali ambapo hawakuwahi kufika, wakakuta kwamba chini ya daraja la pili hakuna kitu. Marshali aliamuru akamatwe. Lakini anayekamata ni askari, na amri ya kukamata ikashuka ngazi zote hadi kwa Koplo, ambaye alijikuna shingo akasema, "Batalioni, wanasema ujikamate." Sikudhani alisema angependa kutii, ila akijikamata hakutabaki mtu mstarini, na kuacha mstari wazi mbele ya adui ni kosa la kunyongwa. Mstari wote ukakubali kwamba ni kweli.

Hapo Marshali alisimama. Aliuliza kwa sauti ya kusikika hadi sokoni ni nani, kati ya wanaume wote hawa waliomwona adui kwa macho yao, atakayechukua bunduki ile na kufanya kazi. Alimwita Kanali Kilusu kwa jina. Kilusu aliitazama bunduki, akatazama mistari yake mitano, akaweka mikono yake nyuma ya mgongo. Mmoja baada ya mwingine, hadi mwisho wa mstari, mikono yote ikarudi nyuma.

Basi Marshali akashuka mwenyewe. Alitembea urefu wa jeshi lake lote, nishani zikilia kifuani, mshika mwavuli akimfuata. Alifika jasho linamtoka, akasimama nyuma ya bega la Sikudhani, karibu kabisa.

"Askari wangu," alisema.

Sikudhani alishtuka. Alikuwa amelisubiri neno hilo miaka yote, na sasa lilipomfikia hakulitaka tena.

"Askari wangu," alirudia Marshali kwa sauti laini, "mimi ni baba yako. Nakuomba maneno mawili tu."

Sikudhani alibana visigino, akageuka nyuma kama kitabu kinavyoelekeza, mguu wa kulia, kisha wa kushoto, bunduki ikigeuka pamoja naye. Sasa mbele yake alikuwa Marshali, na nyuma ya Marshali mstari wote, nyota na mistari, hadi jukwaani.

"Namwona adui," alisema.

Kitabu cha Wafaransa kina sura nzima ya namna ya kurudi nyuma kwa nidhamu, kombania moja ikilinda nyingine. Sura hiyo walikuwa hawajaifikia. Majenerali waliwapita makanali, makanali wakawapita makapteni, na kwa mara ya kwanza katika historia ya jeshi lile hakuna aliyejali nani yuko mbele ya nani. Mshika mwavuli aliuacha mwavuli ukibingirika. Aliyebaki ni Marshali, ambaye nishani zilikuwa nzito mno, na Koplo, ambaye goti lake halikimbii.

Marshali alifumba macho. Walioona wanasema midomo yake ilikuwa inacheza kama ya mtu anayesali.

Sikudhani hakufyatua. Hakuwa na hamu ya kumuua mtu, hata yule. Alitoa risasi moja moja, mbili zikamponyoka, akaziokota, akaziweka zote kwenye meza ya vitumbua. Kisha akamwambia Marshali kwamba anaweza kwenda, na Marshali akaenda, kwa miguu, hadi ikulu. Bi Kidawa alimshika mwanawe mkono, akauminya kwa nguvu.

*

Redio ilitangaza kwamba jeshi limefanya ujanja wa hali ya juu wa kivita na kwamba soko, baada ya uchunguzi, limeonekana kuwa ni soko. Maofisa wote walisifiwa kwa mwendo wa kasi. Hakuna aliyekuja kumkamata Sikudhani, kwa sababu zile nilizozieleza, na kila asubuhi alilinda lango kama kawaida. Sasa maofisa ndio waliomtangulia kumpigia saluti, kwa haraka, wakiangalia kando.

Siku ya Kuzaliwa ya Marshali ilifika. Mstari ulikuwa mrefu kuliko mwaka uliotangulia, na maluteni wa mwisho walisimama palepale, katikati ya dagaa. Watu walipita mbele ya Marshali mmoja mmoja, wakaulizwa, wakajibu, wakaguswa bega. Wanawake wa soko walitazama kutoka kwenye meza zao. Mwisho wa wote akapita askari wa daraja la pili, buti zake zimeng'arishwa.

Marshali alimwuliza swali la kwanza kwa sauti ya mtu anayetaka shughuli iishe. Wote walijua jibu. Lilikuwa ni mbuzi.

"Nilimwona, Marshali wangu," alisema Sikudhani.

Lilibaki swali la pili, na sherehe haiendi bila swali la pili. Marshali alifungua kinywa, akakifunga. Alitazama kulia, majenerali wakawa wanachunguza viatu vyao. Alitazama kushoto, Kanali Kilusu alikuwa ameweka mikono nyuma.

"Inatosha," alisema Marshali. "Pita."

Sikudhani hakupita. Alisimama wima, kidevu juu, akamtazama machoni, akajibu swali ambalo hakuulizwa.

"Alikuwa mbele yangu."

Kisha akapiga saluti, akageuka, akaenda kusimama mwisho wa mstari, upande wa soko, mahali ambapo mama yake angeweza kumfikishia kitumbua kikiwa bado cha moto.